Nilitaka Tovuti Yangu Iwe ya Kwanza, Nikamponza Mama

Nina miaka thelathini na mbili, naishi Iringa mjini, na ninapoandika haya nimefunga mlango kwa komeo ingawa ni asubuhi na jua limeshapanda. Mtu akibisha hodi, siitiki mpaka nimechungulia dirishani. Majirani wanasema nina maringo. Siyo maringo, ndugu zangu wasomaji... ni woga.

Naitwa Tumaini, nauza mchele. Kwetu ni kijiji kimoja cha upande wa Madibira, mkoani Mbeya, kule ambako mtu asiye na jaruba hata moja la mpunga anaonekana mgeni wa juzi. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama alinisomesha kwa mpunga huohuo mpaka nikamaliza chuo hapa Iringa. Ajira sikupata, nikaona isiwe taabu, nitauza kile kilichonisomesha.

Mama alikuwa analima na kukoboa kule, mimi napokea magunia huku, nafungasha na kuwasafirishia wateja. Wengi walinipata mtandaoni. Kuna mtu niliyesoma naye alinitengenezea tovuti ndogo, nikaiita Mchele wa Bibi, na kwenye ukurasa wa mbele nikaweka picha ya Mama niliyoipiga mwenyewe. Amekaa uani kwenye kigoda, ameshika ungo anapepeta, na macho yake yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi yanamtazama mtu moja kwa moja. Mimi nilimwona mama anayeujua mchele. Niliipenda picha ile kuliko zote nilizowahi kupiga.

Ikumbukeni hiyo picha. Ndiyo iliyotuponza.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Mtu wa Dodoma au Dar akitafuta kwenye simu yake mchele wa Mbeya unaonukia, tovuti yangu ilitokea juu kabisa. Kisha wakaja wafanyabiashara wakubwa na tovuti zao za kung'aa, nikasukumwa chini, chini zaidi, mpaka kurasa ambazo hakuna anayefika. Simu ikanyamaza. Kuna wakati nilikuwa naizima na kuiwasha nikidhani imeharibika.

Hapo ndipo Festo akaingia kazini.

Festo alikuwa mchumba wangu. Mshenga alishakwenda kwa wajomba zangu, na Mama alimpenda kuliko anavyonipenda mimi. Namwambia hivyo mpaka leo na hakatai. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kuzifanya tovuti zionekane mapema mtu anapotafuta kitu, wenyewe wanaiita SEO. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Wateja hakuwa nao, ila mdomo alikuwa nao. Akaniambia mkakati wangu umezeeka. "Wewe unaandika unachouza," alisema. "Andika wanachotafuta watu."

Nikaona hapa nimepata mume na mtaalamu kwa mpigo. Nikampa paswedi, na sikuuliza tena. Nani anamhoji mchumba wake kama askari wa barabarani?

Festo alifanya uchunguzi wake. Aligundua kwamba watu wanaoandika neno bibi pamoja na majina ya huku kwetu hawatafuti mchele hata kidogo. Wanatafuta bibi wa kuwatibu. Bibi wa kurudisha mume, bibi wa kufungua biashara, bibi wa kuondoa mkosi! Tena ni wengi kuliko wanaotafuta mchele. Mtu mwingine angecheka na kupita. Festo akaandika kurasa mpya kwenye tovuti yangu, nyingi, zenye vichwa kama "Bibi wa Madibira na siri ya baraka" na "Mchele wa Bibi unaofungua njia", na kila ukurasa akaubandika picha ya Mama na ungo wake. Ukisoma mpaka chini ungekuta ni mchele tu unauzwa. Lakini mwenye shida anasoma mpaka chini?

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilionyeshwa grafu tu. Mstari ulikuwa unapanda kama barabara ya mlima Kitonga. Festo alininyanyua juu pale sebuleni, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Simu zikaanza kuita. Nikashangaa, mbona wateja hawa hawaulizi bei? Mwanamke mmoja alilia kwanza, halafu akauliza kama Bibi anapokea watu Jumapili. Nikamjibu kwamba Jumapili tunasali, ila Jumatatu mzigo unatoka. Akanishukuru, akaniombea baraka, akakata. Mwanaume mwingine aliongea kwa kunong'ona, akataka kujua aje na kuku wa rangi gani. Nikamwambia mchele wetu unakwenda na kuku yeyote. Nilicheka siku nzima, nikamsimulia Festo. Yeye hakucheka. Alisema watu wa mtandaoni ni wa ajabu, nisiwajali.

Baadaye Mama naye akapiga. Alikuwa na furaha. "Kamwene, mwanangu," akanisalimu, halafu akanipongeza kwamba biashara yetu imekua mpaka wateja wanamfuata nyumbani na magari. Akasema ni watu wanyenyekevu sana. Wanavua viatu wakiwa bado uani, wanakaa chini ingawa viti vipo. Mama aliona ni watoto waliofunzwa adabu na wazazi wao.

Sasa niwaeleze tabia ya Mama. Kwake mgeni haondoki mikono mitupu. Hata ukija kuuliza njia, utapewa kibaba cha mchele ukaonje nyumbani, umefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Vipande hivyo anaviomba kwa fundi cherehani, vyeusi, vyekundu, vyeupe, chochote kilichobaki. Ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyonilea. Basi watu wale walipofika na shida zao, Mama hakuwaelewa vizuri, maana waliongea kwa mafumbo na yeye sikio moja limechoka. Aliwasikiliza, akawapa pole, akawaambia Mungu atawasaidia. Kisha kila mmoja akamfungia mchele wake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mnaona wenyewe... Mtu ametoka mbali kumtafuta bibi mwenye ungo. Amemkuta. Amepewa kifurushi chekundu na neno la baraka. Utamshika wapi mtu huyo umwambie kwamba ule ni mchele wa kuonja?

Mama aliponitajia vile vitambaa, nikakumbuka kwamba hizo ndizo rangi za waganga, nikamkumbuka na yule mtu wa kuku. Nilichukua simu, nikatafuta bibi wa Madibira. Mama yangu akanitokea kwenye kioo, wa kwanza kabisa.

Huenda vijana wa mjini hawataelewa kwa nini niliogopa. Kwetu ungo si wa kupepetea tu. Kila mtoto amesimuliwa kwamba wachawi husafiri kwa ungo. Na bibi kizee, mjane, mwenye macho mekundu, huyo hata asipomgusa mtu ana bahati akifa kwa uzee. Nimekua nikisikia vikongwe wa namna hiyo wakitajwa kwa sauti ya chini, na wengine sikuwaona tena. Leo mimi, mtoto wake wa pekee, nimemweka Mama mbele ya dunia nzima na ungo mkononi! Siku zote niliitazama picha ile kwa jicho la mtoto. Sikuwahi kuitazama kwa jicho la jirani.

Nilimwendea Festo. Nilimkuta anakula. Nikamwambia afute kila kitu, sasa hivi. Akanawa mikono taratibu, akafungua kompyuta, akanigeuzia grafu yake. "Si ulitaka kuwa wa kwanza?" akaniuliza. Akanieleza kwa upole, kama anayefundisha watoto wa chekechea, kwamba ukifuta kurasa nyingi kwa ghafla tovuti inaanguka na haiinuki tena, kwa hiyo tupunguze polepole. Nikalia. Nikamwambia yule si grafu, yule ni mama yangu. Mwishowe akaapa kwamba atafuta, na kabla jua halijazama akaniambia tayari. Sikuhakiki. Nilikuwa nimechoka kuogopa, na aliyechoka kuogopa huamini upesi.

Kule kijijini Mama akaacha kupiga simu za furaha. Kwenye mashine ya kukobolea hakuna aliyetaka mpunga wake upite baada ya wa Mama. Kanisani alibaki peke yake kwenye benchi. Msimu ule ugonjwa uliingia kwenye majaruba, mpunga wa majirani ukageuka njano, na wa Mama ukastawi kwa sababu alikuwa amebadilisha mbegu. Wakasema ni chuma ulete. Wakasema anauvuta mpunga wa wenzake kwa ule ungo. Mama alinisimulia akijaribu kucheka. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, kwenye hizo simu umenisema nini?"

Nilimwomba tu asiwape wageni mchele tena.

"Sasa si watasema nina uchoyo," akasema.

Siku iliyofuata alinipigia Mama Edina, jirani yetu wa tangu utotoni, mwanamke asiyejua kupamba maneno. "Tumaini, njoo umchukue mama yako. Leo. Usiniambie kesho." Mtoto wa nyumba ya tatu alikuwa amefariki kwa homa, na watu walikuwa wamekubaliana kuwaita lambalamba.

Asiyewajua lambalamba amshukuru Mungu. Ni watu wanaojidai kufichua wachawi. Serikali imewakataza, lakini kijiji kikishaingiwa na hofu huwaleta kwa mlango wa nyuma. Wakifika wanaanza na nyumba iliyotajwa. Wanachimba, wanatoa vitu ambavyo wanajua wenyewe viliingiaje, na kuanzia hapo hakuna atakayekusikiliza. Nyumba huchomwa... na mwenye nyumba, ee Mungu wangu, hata kuandika siwezi.

Nilimpigia Festo. Hakupokea. Nikapiga tena na tena, kimya. Nikamkimbilia Bosco, dereva wa fuso anayetubebea magunia, nikamwambia shida yangu hapohapo barabarani. Bosco ni mtu wa maneno machache. Alimwaga chai yake iliyobaki, akapanda, akaniambia twende.

Mafinga tulisimama kuongeza mafuta. Nikajikuta natafuta tena mtandaoni. Kurasa zote zilikuwepo! Hakuna hata moja iliyofutwa, na zilikuwa zimeongezeka. Nikajaribu kuingia nifute mwenyewe, paswedi ikakataa. Festo alikuwa ameibadilisha. Kisha nikaikuta tovuti yake yeye, ya kujitangaza. Mbele kabisa ameweka grafu yangu, na pembeni yake picha ya Mama, na maelezo kwamba tovuti hii aliichukua ikiwa chini na kuipandisha mpaka juu kabisa kwa mkakati mpya. Mama yangu alikuwa tangazo lake la biashara. Ndiyo maana hakufuta!

Nikiwa bado nimekodoa macho, ujumbe wake ukaingia. "Mpenzi, nipe wiki hii tu. Kuna mteja mkubwa wa Mbeya anaiangalia."

Nililia bila sauti tangu Mafinga, vumbi linaingia dirishani, na Bosco akaendesha bila kuniuliza kitu. Nilikuwa naomba jambo moja tu, nimkute Mama mzima.

Tulifika mchana. Lambalamba walikuwa bado hawajafika, lakini ua wetu ulikuwa umejaa watu, wanaume wengine wana mapanga. Hawakuwa na kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mama alikuwa katikati, kwenye kigoda chake, anapepeta. Alikuwa anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Na vijana waliokuwa mbele walikuwa na simu mkononi, wanaangalia picha, wanamwangalia Mama, wanaangalia picha. Macho yaleyale, kigoda kilekile, ungo uleule...

Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, amesimama pembeni, jasho linamtoka. Nikaomba ruhusa niongee. Nikaeleza. Nikasema kuna kazi inaitwa SEO, mtu anapanga maneno ili tovuti ionekane kwanza, na mchumba wangu alipanga maneno ya uongo ili watu wengi waingie, na Mama hajui lolote. Nilijisikia jinsi ninavyoongea. Kwa Kiswahili cha chuo, mbele ya watu waliotoka kuzika mtoto.

Mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu baba akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mwanangu," akauliza, "mashine ndiyo imesema mama yako ni mganga?"

"Hapana, baba. Mashine haijui kitu. Sisi ndio tulioandika."

"Aa," akasema. "Kwa hiyo mmesema wenyewe."

Watu wakaanza kunung'unika, bonge la udongo likarushwa na kugonga mlango. Bosco akasogea karibu yangu. Nikajua hapa hatutoki.

Ndipo Mama akainuka. Aliuweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na vitambaa vyake vya fundi cherehani. Akachota mchele, akafunga kifurushi, akamnyooshea yule mzee kwa mikono miwili.

"Mmekuja kwangu, wanangu," akasema. "Hamtaondoka mikono mitupu."

Mzee alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Wa nyuma yake naye akarudi. Mama akapiga hatua moja mbele na kifurushi chake chekundu, umati ukagawanyika! Watu wazima, wanaume wenye mapanga, wanakanyagana kukikwepa kibaba cha mchele. Nikaelewa kwa kuchelewa kidogo kwamba walidhani ni dawa. Nikamshika Mama kiunoni, tukapita palepale palipofunguka, yeye bado amenyoosha mikono na hakuna anayetaka kupokea. Bosco alishawasha gari. Mama akapanda na kifurushi kifuani. Tulipokata kona niligeuka, nikaona moshi unapanda uani. Walikuwa wameanza na ungo.

Baadaye sana nilimuuliza kama alifanya vile kwa makusudi. Akasema, "Niliogopa, mwanangu. Nikafanya ninachokijua."

Siku ile tuliokoka, lakini mnajua tulichokiacha. Tuliacha ushahidi. Kijiji kizima kiliona kwa macho yake jinsi bibi mwenye ungo alivyowafukuza watu kwa kifurushi. Mama hawezi kurudi tena nyumbani kwake mpaka atakapozikwa, na hata hilo sijui kama watakubali. Majaruba yake yamejaa magugu. Hakuna anayetaka kuyalima hata bure.

Uchumba niliuvunja kupitia mshenga yuleyule. Festo yuko Mbeya, nasikia anafanya vizuri, yule mteja mkubwa alimpata. Tovuti yangu nilihangaika kwa wenye mitambo inayoihifadhi mpaka ikazimwa. Lakini picha haizimiki, jamani! Waganga wa kweli na wa uongo wameshaichukua, wameweka namba zao chini yake. Wiki iliyopita mwanamke mmoja sokoni hapa Iringa alimtazama Mama, akatazama simu yake, akamtazama tena. Nilimvuta Mama tukaondoka na nyanya hatujalipia. Ndiyo maana nafunga mlango.

Ndugu zangu mnaofanya biashara mtandaoni, nawasihi. Mtu akikwambia atakupandisha juu, muulize anakupandisha kwa maneno gani. Yasome mwenyewe, yote, mpaka chini. Usimpe mtu ufunguo wa nyumba yako kwa sababu tu anakupenda. Na ukitaka kuweka sura ya mzazi wako mbele ya watu, kaa kwanza uitazame kwa jicho la mtu anayeogopa. Mimi nilifurahia mstari unaopanda, na sikujiuliza ni kina nani wanaoupandisha.

Jana jirani yetu mpya alikuja na mtoto mgongoni kutusalimia. Ni mwanamke mwema, alikaa, tukanywa chai, akaaga. Mama akainuka kwa mazoea, akachukua kibaba, akachota mchele. Akashika kitambaa. Kisha akasimama pale, mkono uko hewani, ananitazama mimi.

Nikautazama mlango. Akaumimina mchele taratibu kwenye gunia, akakikunja kile kitambaa, akakaa.

"Mwache aende tu hivyohivyo," akasema.

Jirani akatoka mikono mitupu, nami nikalirudisha komeo.